Doa Lililokataa Kufutika

Saa tano kasoro dakika ishirini asubuhi, Inspekta alivua saa yake ya mkononi na kuiweka juu ya meza ya chumba cha mahojiano, katikati yake na mahabusu, ili wote wawili waione. Saa sita kamili maji ya jakuzi yangemwagwa, kwa kibali cha mkuu wa kituo. Saa nane, mtu aliyeketi mbele yake angesomewa shitaka la kuua bila kukusudia. Kati ya saa hizo mbili, ya kwanza ndiyo iliyomkera zaidi. Mahakama huahirisha kesi kwa sababu ndogo kuliko mafua ya karani. Maji yakishaingia mferejini hayarudi kutoa ushahidi.

Mahabusu alikuwa fundi wa maji, mtu mzima wa miaka arubaini na kitu, ambaye mafundi wenzake walimwita Povu kwa sababu povu likikaa juu ya maji yake dakika mbili hapati usingizi. Alituhumiwa kumuua Refa. Refa alikuwa mwamuzi mstaafu wa mpira, mgeni wa kudumu wa nyumba ya wageni iliyo nyuma ya posta, na kila siku saa kumi na mbili asubuhi aliloweka magoti yake katika maji ya moto ya jakuzi la ghorofa ya juu. Ijumaa aliingia kama kawaida. Saa tatu na robo meneja wa nyumba hiyo, ambaye ni mkwe wa mwenye nyumba, alipiga simu kituoni: amemkuta mzee amekufa majini, na chumba kinanuka klorini mpaka macho yanawasha. Askari walipima maji, kipimo kikawa chekundu kupindukia, na kabla ya adhuhuri Povu alikuwa ndani. Hoja ilikuwa fupi na iliwapendeza wengi: fundi alizidisha dawa Alhamisi jioni, gesi ikamuua mzee wa watu.

Leo ilikuwa Jumatatu.

"Daktari ameniandikia mistari miwili," Inspekta alisema. "Koo safi. Mapafu hayana maji wala hayakuungua. Moyo umesimama ghafla. Gesi ya klorini haiingii kifuani mwa mtu kwa adabu namna hiyo."

"Si nilisema mimi, Bi Inspekta?"

"Ulisema mengi, tena kwa pamoja. Sasa sema kwa mpangilio. Alhamisi jioni."

Povu alishusha pumzi. "Swichi ya kinga ilikuwa inaruka. Ile inayokata umeme ukivuja. Nikapima hita, ile ya kupasha maji, nikakuta imepasuka. Nikazima umeme, nikapiga kufuli langu jekundu kwenye swichi, nikamwambia meneja: asiingie mtu mpaka Jumatatu, nije niweke hita nyingine. Mpya ipo stoo yao, ila giza lilishaingia, na bwawa la shule lilinitaka mpaka Jumamosi."

"Akasema?"

"Akasema sawa, fundi. Leo anasema hakuona kufuli wala hakusikia neno."

"Kufuli halikukutwa. Na fundi umeme wetu aliipima hita Ijumaa hiyohiyo. Nzima kabisa."

"Basi si ile!"

"Hiyo ndiyo kauli ya kila mtu aliyekaa kwenye kiti hicho. Kuibadilisha hita kunataka muda gani?"

"Mimi? Nusu saa. Nafunga koki mbili, moja huku, moja huku. Nalegeza nati mbili, hita inatoka. Maji yanayomwagika hayajazi kikombe, na jakuzi limejaa vilevile." Povu aliinama mbele. "Bi Inspekta, lile jakuzi ni kama mwanangu. Chujio naliosha kila Jumatano. Kifuniko nimekiweka kipya mwezi huu, unakiinua kwa vidole viwili. Nizidishe dawa mimi? Na ile harufu, watu wanadhani ni klorini nyingi. Mara nyingi ni klorini iliyochoka, imeshapigana na jasho na losheni za watu."

"Kipimo kilikuwa chekundu."

"Jumatano hakikuwa chekundu."

Inspekta alitazama saa. Akauliza swali alilokuja nalo. "Meneja ameandika katika maelezo yake kwamba maji yale ni yaleyale, hakuna aliyeyagusa. Kuna njia ya kujua kama maji ni yako?"

Povu akasimama ghafla hivi kwamba askari wa mlangoni akashika rungu.

"Mlinzi! Mpime mlinzi!"

"Kaa. Mlinzi gani?"

"Dawa yangu ni ya unga, ina vitu viwili. Klorini, na kitu kinachoilinda isiliwe na jua, maana chumba kile paa lake ni la kioo. Sisi tunakiita mlinzi. Sasa, klorini ni kibarua wa kutwa: anafanya kazi, jioni hayupo. Mlinzi ni kama mama mkwe. Akishaingia ndani hapungui, hachakai, haondoki, mpaka nyumba yenyewe ihamwe. Kila nikiweka dawa anaongezeka. Jumatano nilimpima, yuko themanini, nimeandika daftarini. Kama maji ni yaleyale, yuko themanini hata leo."

"Na kama hayupo?"

"Basi maji yangu yamemwagwa, Bi Inspekta. Njia nyingine hakuna."

Inspekta alivaa saa yake. Ilikuwa saa tano na dakika tano, na begi la vipimo vya Povu lilikuwa kwenye kabati la vielelezo, chini ya funguo za karani aliyekwenda kunywa chai.

*

Sajini aliendesha gari kwa mwendo ambao hakuwahi kuutumia katika miaka ishirini na saba ya utumishi. Alikuwa mtu mnene, mwenye mgongo mbovu na mwandiko mzuri, naye aliamini kwamba haraka ni ugonjwa wa watu wasio na pensheni. Lakini karani wa vielelezo alikuwa amewalia dakika kumi na tano.

Nyumba ya wageni ilikuwa ya ghorofa tatu, yenye ua wa kufulia upande wa nyuma. Huko waliingilia, kwa sababu mlango wa mbele ulizibwa na masanduku ya wageni. Mama mmoja mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji alikuwa anakamua shuka kama anayemnyonga adui. Alikuwa dobi wa nyumba hiyo, na shangazi yake Povu.

"Shikamoo, Shangazi," Inspekta alisema.

"Marahaba. Mmekuja kuchukua nani tena? Mimi nina mzigo wa shuka arubaini, mkinifunga mje na sabuni."

"Nimekuja kuuliza."

"Mwana wa kaka yangu mkimpeleka jela, nani atanizika?"

"Shangazi, wewe hujafa bado."

"Na yeye hajahukumiwa bado, lakini mmeshamfunga."

Sajini alikohoa ili asicheke. Inspekta, ambaye hakuwa na tatizo hilo, alitazama saa: tano na nusu. "Ijumaa asubuhi uliona nini?"

"Niliona taabu, mwanangu. Bomba langu hili lilikuwa linakojoa kama paka, tangu saa moja na nusu mpaka saa tatu. Ndoo moja nusu saa! Namwambia meneja, ananijibu maji ya mji yamepungua. Yamepungua wapi, na jirani hapo alikuwa anamwagilia maua kwa mpira? Halafu dawa yangu ya kung'arishia shuka, chupa kubwa ya lita tano, imetembea kwa miguu yake. Mpaka leo natafuta. Nimeambiwa nitakatwa mshahara."

"Dawa hiyo ni ya maji au ya unga?"

"Ya maji. Ile inayochoma pua."

"Bomba hili linatoka kwenye tangi moja na la juu?"

"Tangi moja, mwanangu, mpira mmoja. Juu wakifungua, mimi naomba mvua."

Inspekta alikuwa ameshafika ngazi ya tatu. "Andika hayo, Sajini!"

"Yote, afande? Hata la paka?"

"Hasa la paka!"

*

Chumba cha jakuzi kilikuwa mwisho wa ghorofa ya juu, chini ya paa la kioo. Utepe wa polisi wa Ijumaa ulikuwa mlangoni, mzima. Mbele yake walisimama watu wawili na pampu ya kunyonyea maji, mpira wake ukiwa umeshakunjuliwa mpaka kwenye mfereji wa roshani. Mmoja alikuwa mwenye nyumba, mama wa makamo aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Mwingine alikuwa mkwe wake, meneja: kijana mtanashati, mwenye sauti ya kubembeleza na viatu visivyofaa kwa kazi ya maji.

"Saa sita haijafika," Inspekta alisema.

"Bado dakika ishirini na tano tu, Bi Inspekta," Mkwe alisema. "Nilitaka kutayarisha."

"Nina wageni kumi na wanne leo!" mwenye nyumba alilia. "Mtu amekufa, Mungu amrehemu, lakini walio hai wamelipia chumba chenye jakuzi. Mkwe wangu hajalala tangu Ijumaa, anahangaikia kumwaga hayo maji ya mauti. Mwacheni afanye kazi!"

"Atafanya. Nami nitafanya yangu kwanza. Sajini, kata utepe."

Ndani, joto la kioo liliwapokea. Jakuzi lilikuwa limejaa mpaka alama, limefunikwa na kifuniko kinene cha sponji ngumu iliyovikwa ngozi ya plastiki na kufungwa kwa zipu pembeni. Kilikunjika katikati kama kitabu. Sajini alishika upande wa kushoto, ukapanda kama karatasi. Akashika wa kulia, akaguna.

"Huu umeshiba nini?"

"Vifuniko hunywa maji, Sajini," Mkwe alisema kwa upole. "Vikizeeka huwa vizito."

Sajini alikiburuta kwa mgongo wake mbovu na kukiegemeza ukutani, akiorodhesha kwa sauti ya chini viungo vyake vinavyouma.

Inspekta alifungua begi la Povu juu ya benchi. Alichota maji kwa kina cha kiwiko, kama daftari la Povu lilivyoagiza, mbali na mdomo wa pampu. Kwanza klorini: matone matano, na maji katika kichupa yakawa mekundu ya kiburi.

"Mnaona!" Mkwe alisema. "Imezidi mara kumi. Nimesema tangu Ijumaa."

"Umesema. Sajini, saa ngapi?"

"Tano na dakika arubaini na mbili."

Sasa mlinzi. Alipima nusu ya maji ya jakuzi na nusu ya dawa ya kipimo, akatikisa, akasubiri dakika moja nzima kwa saa ya Sajini. Kipimo hiki kilikuwa rahisi kama mchezo wa watoto. Dawa ikikutana na mlinzi, maji hugeuka ukungu mweupe, na kadiri mlinzi anavyokuwa mwingi ndivyo ukungu unavyozidi. Unamimina polepole katika kichupa chembamba chenye doa jeusi chini yake, ukitazama kutoka juu. Pale doa linapopotea, unasoma namba ubavuni. Kwa maji yenye themanini, doa lilitakiwa kuzama mapema, kabla kichupa hakijajaa hata nusu.

Inspekta alimimina. Robo. Doa lilikuwepo. Nusu. Doa lilimtazama. Robo tatu, mkono wake ukapunguza mwendo bila kuamriwa. Kichupa kikajaa hadi ukingoni, tone la mwisho likasimama kama kuba, na chini yake doa jeusi lilikuwa limekaa palepale, kali na wazi, kama nukta mwishoni mwa sentensi.

"Sajini. Njoo utazame. Unaona nini?"

"Doa, afande."

"Vizuri?"

"Hata bila miwani."

"Dawa ya kipimo imeharibika hiyo," Mkwe alisema. Sauti yake ilikuwa imepanda nusu ngazi. "Imekaa kabatini siku tatu, kwenye joto."

Lilikuwa pingamizi la maana, na Inspekta aliliheshimu kuliko pongezi. Begini mlikuwa na chupa ndogo ya kulinganishia, maji yaliyotiwa mlinzi kiwandani kwa kipimo kinachojulikana: hamsini. Akarudia kila hatua. Nusu kwa nusu. Kutikisa. Dakika moja, ambayo katika chumba kile ilikuwa na sekunde nyingi kuliko kawaida. Ukungu ukaja mzito kama maziwa. Akamimina, na mbele ya macho ya Sajini doa likafifia, likawa kivuli, likatoweka. Sajini alisoma namba.

"Hamsini, afande. Barabara."

"Basi dawa ni nzima," Inspekta alisema. "Maji ndiyo mageni."

Mwenye nyumba alishusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni. "Mageni vipi?"

"Maji ya Povu yalikuwa na kitu ambacho hakitoki ila kwa kumwagwa. Haya hayana hata chembe. Yameingia humu Ijumaa, saa moja na nusu hadi saa tatu, wakati bomba la dobi wako lilipokauka. Klorini iliyomo ni dawa ya kung'arishia shuka, lita tano, ndiyo maana ni nyingi na haina mlinzi." Aligeukia Sajini. "Ulipotumbukiza mkono Ijumaa saa nne kasorobo, maji yalikuwaje?"

Sajini alifunua kurasa. "Nimeandika 'ya baridi', afande. Meneja alinieleza kwamba amezima umeme nusu saa iliyopita."

"Lita elfu moja na mia mbili hazipoi kwa nusu saa."

"Povu ana funguo!" Mkwe alisema haraka. "Funguo za hapa tunazo wawili tu, mimi na yeye. Kaja alfajiri, kaona kosa lake, kabadilisha maji!"

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Miaka ishirini ya kazi ilikuwa imemfundisha Inspekta kwamba mara nyingi ni ndefu, pana, na ina taa pande zote. Alipiga magoti, akafungua ubao wa ubavuni mwa jakuzi, na ndani yake pampu, mabomba na hita vikaonekana. Saa ilikuwa sita kasoro dakika nane.

"Huenda," alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Ijumaa saa mbili Povu alikuwa anapima bwawa la shule, lakini nitamuuliza mwalimu mkuu. Kwa sasa nataka hita hii iende maabara. Nami si fundi. Meneja, wewe umeishi na mtambo huu. Nianzie wapi?"

Mkwe aliinama karibu naye. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile uso wake ulikunjuka. Mtu alikuwa anamwomba kile ambacho mwenyewe alikitamani.

"Uanze na maji, Bi Inspekta. Lazima yamwagwe kwanza, yote, mpaka tone la mwisho. Ukilegeza nati hizi na jakuzi limejaa, chumba kizima kitageuka bahari. Niachie mimi na pampu yangu. Ninyi mkae hapo nje, saa moja hivi, nitawaita."

"Huna shaka?"

"Hata kidogo. Ilinichukua..." Akasita. "Itachukua muda, lakini njia ni hiyo."

"Sajini, umeandika?"

"Mpaka kusita kwake, afande."

Inspekta aliingiza mkono nyuma ya hita, akapapasa chini ya sufu ya kuzuia joto, akaipata koki ya kwanza. Akaisokota. Akapata ya pili upande wa pili. Akaisokota. Kisha akashika spana ya Povu, akalegeza nati kubwa mbili za plastiki, na Mkwe akaruka nyuma kuokoa viatu vyake.

Maji yalitoka. Yalijaza kiganja cha Sajini, yakaisha. Hita ikalala mikononi mwa Inspekta, ikimeremeta kwa upya, na nyuma yake jakuzi lilibaki limejaa hadi alama, bila wimbi.

"Fundi hufunga koki," Inspekta alisema akisimama. "Povu hakuwa na haja ya kumwaga tone. Aliyemwaga ni mtu asiyejua koki zipo. Refa aliuawa na umeme wa hita iliyopasuka, baada ya mtu kukata kufuli na kuunga umeme bila kupitia swichi ya kinga ili mgeni asikose maji ya moto. Kisha mtu huyo akabadilisha hita kwa njia pekee aliyoijua, akajaza maji, akatia dawa ya shuka ili lawama zimfuate fundi. Muda wa saa tatu ulimtosha kwa yote isipokuwa moja. Hita ya zamani hakupata nafasi ya kuitoa humu. Dobi alikuwa uani na wageni ngazini, na tulipokuja tukafunga mlango. Ndiyo sababu hajalala tangu Ijumaa."

Mwenye nyumba alimtazama kijana aliyemwoza binti yake, kwa miwani zote mbili.

"Baba," alisema polepole, "hita ya zamani iko wapi?"

Macho ya Mkwe hayakuwa na wakili. Yalikwenda ukutani, yakarudi upesi, na kwa upesi huo yakasema kila kitu.

"Kipya mwezi huu," Inspekta alisema. "Kinainuliwa kwa vidole viwili."

Sajini, aliyesahau mgongo wake kabisa, alikuwa ameshafika kwenye kifuniko. Zipu ya upande wa kulia ililia mpaka mwisho. Sponji ilikuwa imechimbwa kwa kisu, na katika shimo hilo lilikuwemo bomba la chuma lenye urefu wa dhiraa moja, lenye ufa mweusi ubavuni. Kando yake kulikuwa na kufuli dogo jekundu, limekatwa shingo.

Mwenye nyumba alikaa chini juu ya benchi, taratibu. "Alikuwa akiniambia Refa hapendi maji ya baridi," alisema, bila kumsemesha mtu. "Nikasema mwanangu huyu anawajali wageni."

Kengele ya posta ikapiga saa sita. Mkwe alinyoosha mikono kabla hajaambiwa. Inspekta alipiga simu kituoni, akasema maneno tisa kwa mkuu wa kituo, akamsikiliza mkuu huyo akisema mengi zaidi. Kisha akaomba apewe mahabusu kwenye simu.

"Povu. Doa halikufutika. Maji yalitiwa dawa ya shuka ya shangazi yako."

Sauti ya Povu ikaja mbio. "Bi Inspekta... naomba asiwepo mtu wa kuingia humo mpaka nije. Maji yenye dawa ya shuka, pampu ikiwashwa tu, yatatoa povu hilo!"

"Njoo," Inspekta alisema. "Pitia uani kwanza. Shangazi yako anataka kujua nani atamzika."